Mama Muhuri na Chupa ya Tatu

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Mji mzima ulimwita Mama Muhuri. Kwenye mkoba wake mweusi, ule uliokuwa umeshonwa shonwa mpaka ngozi ya mwanzo ikawa ndogo kuliko viraka, alibeba kipimajoto, chupa tupu zilizochemshwa, kijiko kirefu, uzi, kiberiti, kijiti cha lakiri nyekundu na muhuri wa shaba. Akichota sampuli ya chakula chako aliifunga kwa uzi, akadondoshea lakiri ya moto na kugonga muhuri juu yake, basi hapo hata ungelia machozi ya damu chupa ile haikuwa yako tena. Alikuwa mkaguzi wa vyakula. Amekagua miaka thelathini na moja, na alikuwa amechoka hoi.

Ukiisikia kazi hiyo ikielezwa redioni utaipenda: kulinda afya ya mlaji. Haya, sasa ifanye kwa miguu. Panda vilima vya vitongoji na magoti yanayolalamika kila hatua, bisha hodi mlango wa mtu anayekuza kuku watano na kuuza mayai yao dirishani, halafu mwambie mayai yake yanahitaji karatasi. Mama Muhuri akiingia mwanzo wa mtaa, mwisho wa mtaa jemu zilishaingia uvunguni. Bwana mmoja aliyeishi na mkewe tu, hata paka hawana, aliwahi kumkazia macho na kumwambia kuwa mikate arobaini iliyopangwa mezani ni ya kunywea chai ya jioni. Mama Muhuri hakubishana. Aliandika: "Mikate arobaini. Walaji wawili." Akafunga daftari na kwenda nyumba ya pili.

Alikuwa na sharti lake moja ambalo halikuandikwa popote. Hali wala hanywi kwa mtu anayemkagua. Hata maji. Watu walimsema kwamba anaringa, wengine kwamba anaogopa kulogwa, naye aliwaacha waseme. Sababu aliijua mwenyewe.

Mwaka wake wa tatu kazini, wakati huo bado ana moyo laini, kulikuwa na mzee mmoja muuza maziwa, mpole kupita kiasi. Mzee alimkaribisha chai. Ilikuwa chai nzuri, nzito, yenye maziwa ya kutosha, na mzee alimwambia kwamba maziwa yote anayouza huyachemsha kwanza. Binti mkaguzi akaamini. Hakuomba kuiona sufuria ikitokota, maana utamwombaje mtu kitu kama hicho huku umeshika kikombe chake? Alitia saini. Wiki mbili baadaye watoto watatu wa nyumba moja waliugua kwa maziwa yale. Wawili walipona na mmoja hakupona. Alikwenda mazikoni akasimama nyuma kabisa, na hakuna aliyemlaumu kwa sababu hakuna aliyejua. Toka siku hiyo hakuonja cha mtu. Kwa hiyo mtu akimwambia sheria za chakula ni za kuwaonea wanyonge, Mama Muhuri alikuwa na la kumjibu, ila hakulisema kamwe.

Sasa alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Mumewe alikwisha fariki, watoto wako mbali na simu zao ni za kukatika katika, na nyumba yake ilikuwa na redio, kitanda na kimya kingi. Hicho kimya ndicho alichokiogopa. Bahati nzuri alikuwa ameahidiwa mkataba baada ya kustaafu, wa kuwafundisha wakaguzi wapya. Alikwishaanza hata kuandaa maneno ya somo la kwanza akiwa anafua. Alichotakiwa ni kumaliza miezi minne bila doa kwenye faili.

Ndipo zikaja kanuni mpya.

Kanuni za Vyakula vya Nyumbani na vya Shambani, kurasa arobaini na mbili, zimeandikwa na watu ambao ukiwapa jogoo watamtafutia mayai. Kila anayetengeneza chakula nyumbani na kumuuzia mtu mkononi lazima asajiliwe. Awe na chumba cha kazi mbali na jiko la familia. Ukuta uwe wa kuosheka. Vyombo viwe vya chuma kisichoshika kutu, si udongo, si mti. Kabla ya kusajiliwa, vyombo vyote vimwagwe na kuoshwa kwa dawa ya klorini. Na ukutani ibandikwe karatasi ya maagizo kumi kwa lugha nyepesi. Karatasi hiyo aliiandika Mama Muhuri mwenyewe, kwa kuwa pale ofisini hakuna mwingine aliyeweza kuandika sentensi ambayo mama wa nyumbani angeielewa. Alijivunia kidogo, kwa siri. Agizo la saba lilisema: "Usiingize jikoni chakula usichojua kilikotoka." Alilipenda hilo kuliko yote.

Mkuu wa kitengo, kijana wa rika la mwanawe wa pili, alimpa orodha ya nyumba sitini. Ya thelathini na nane ilikuwa ya mama wa mtindi.

Mama wa mtindi aliishi mwisho wa barabara ya vumbi, na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na mume mmoja mbele yake. Mume alikuwa dereva wa lori mpaka kiharusi kilipomlemaza upande wa kushoto. Mdomo ulipona. Alishinda kwenye kiti cha mlangoni akimenya njegere kwa mkono mmoja, bakuli amelibana kwa magoti, na hakuna aliyepita bila kutaniwa.

"Shemeji," alimwita Mama Muhuri alipomwona na mkoba wake, "umekuja kututembelea au kutufunga?"

Mama Muhuri alimjibu kwamba itategemea usafi wa mkewe. Mzee akacheka upande mmoja wa uso, akampisha.

Ndani kulikuwa na sufuria kubwa ya kuchemshia maziwa, na Mama Muhuri aliomba aione ikitokota, akatia kipimajoto na kusubiri mpaka aridhike. Maziwa yalichemka vizuri. Yalipopoa mama wa mtindi aliyamimina kwenye chungu. Vyungu vilikuwa vitatu, vyeusi kwa umri, vimepangwa juu ya ubao na kufunikwa vitambaa vyeupe. Kimoja kimejaa mtindi wa kuuza, kimoja ndicho kinajazwa, cha tatu kimeoshwa na kimefudikizwa kikauke juani.

Aliuliza vyungu vina umri gani. Mama wa mtindi akasema alikabidhiwa na mama mkwe siku ya tatu ya ndoa, miaka ishirini na sita iliyopita, na kwamba vina desturi yake: haviwi vyote vitupu siku moja. Ukiosha kimoja, viwili vibaki na kitu, na kilichooshwa hupata kijiko cha mtindi kutoka kwa mwenzake.

"Kwa nini?" Mama Muhuri aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

"Hakusema. Na wewe ungemuuliza yule mama?"

Mzee kutoka mlangoni akasema mama yake alikuwa mtu wa kuulizwa mara moja tu maishani. Wakacheka wote watatu. Halafu Mama Muhuri akatazama fomu yake. Fomu ilikuwa na visanduku, na hakukuwa na kisanduku cha desturi ya mama mkwe. Kilichokuwapo ni "Utaratibu wa kuosha vyombo," naye akaandika: "Vya udongo. Haviondolewi mabaki yote." Aliweka alama ya kosa.

Hilo neno lake mwenyewe, mabaki, lilikuja kumnyima usingizi baadaye. Siku hiyo lilikuwa neno tu.

Akachota mtindi kwa kijiko kirefu na kuugawa kwenye chupa tatu, kama sheria isemavyo. Ya kwanza ni ya maabara. Ya pili ni ya mwenye mali, aitunze bila kuifungua, ili kukitokea ubishi apate cha kujitetea. Ya tatu inakaa ofisini kwa mkaguzi siku sitini, kisha inaharibiwa mbele ya mashahidi wawili. Zote alizifunga kwa uzi na lakiri, na kwenye kila moja akabandika karatasi: jina la mtengenezaji, nyumba, tarehe, saa, joto, saini yake na saini ya mwenyewe. Mama wa mtindi alisaini kwa kutetemeka. Akauliza kama atapona, na Mama Muhuri akamwambia ndiyo, akifuata maagizo atapona. Vyungu vitoke. Vyombo vyote vioshwe kwa klorini. Atarudi baada ya wiki tatu.

Mama wa mtindi alifuata. Wapo watu wa namna hiyo, ukiwaambia ruka hawaulizi kimo. Aliuza ndama akanunua vyombo vitatu vya chuma vyenye vifuniko. Alipaka ukuta rangi ya mafuta, nyeupe, na kwa kuwa hakutaka kumlipa fundi aliipaka mwenyewe amepanda juu ya stuli huku mumewe akimwelekeza pa kurudia. Sakafu ilisafishwa mpaka nzi wakakosa la kufanya. Karatasi ya maagizo kumi ilibandikwa karibu na mlango, imefunikwa nailoni isilowe.

Mama Muhuri aliporudi alizunguka chumba kile mara mbili. Alipitisha kidole juu ya dirisha. Alifungua kila kifuniko na kunusa. Katika nyumba zote thelathini na saba za mwanzo hakuna iliyopita kwenye marudio ya kwanza, na hii ilipita bila kosa hata moja. Aliandika cheti pale pale kwa hati yake nzuri, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia kwamba kazi yake ina maana.

"Hongera," akasema. "Sasa nioneshe mtindi ulikouweka."

"Hakuna mtindi, mama."

Mama wa mtindi alikuwa amesimama katikati ya chumba chake cheupe, kofia ya kazi kichwani, mikono ameikunja mbele. Hakulia. Alieleza polepole kama mtu aliyekwishalirudia jambo mara nyingi usiku. Kwamba baada ya kuosha kila kitu alimimina maziwa kwenye vyombo vipya, na kesho yake yalikuwa maziwa yaliyochacha tu, yana maji juu na harufu ya kitambaa kibichi. Akajaribu tena. Akarudi kwenye vyungu vya zamani kwa kificho, lakini navyo vilikuwa vimeoshwa kwa dawa na vilitoa harufu ya hospitali. Akanunua mtindi wa dukani akaukoroga kwenye maziwa kwa kubahatisha, ukatoka unavutika kama gundi. Wateja walionja. Hawakusema neno baya hata mmoja, walirudisha makopo yao kwa adabu, wameyaosha, na hawakurudi tena. Hayo makopo yaliyooshwa ndiyo yaliyomuuma kuliko tusi.

Mama Muhuri alivuta stuli akakaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe kazini.

"Hukubakiza hata kikombe? Mbegu? Hukuweka pembeni?"

"Mbegu gani? Mimi nilijua ni chungu chenyewe. Nilijua udongo wa chungu ndio unaogandisha, na kile kijiko ni desturi tu." Akamtazama mkaguzi usoni. "Ulisema vyombo vyote."

"Nilisema vyote," Mama Muhuri akajibu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka ishirini na sita mwanamke huyu alikuwa akibakiza kitu chunguni bila kujua kwamba hicho alichokibakiza ndicho kila kitu, kwa sababu mama mkwe alimpa katazo bila sababu. Na mkaguzi aliyesomea mambo haya, aliyeweza kumweleza mtoto wa shule jinsi mtindi unavyogandishwa na mtindi, alilisikia lile katazo kwa masikio yake mawili, akaliandika kama kosa. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Lo! Kama ni kulia, nani aanze?

Alikumbuka chupa ya pili. "Sehemu yako ya sampuli iko wapi? Ile niliyokuachia na muhuri?"

Mama wa mtindi aligeuka akatazama mlangoni. Mzee aliacha kumenya njegere.

"Shemeji," akasema, na safari hii hakucheka, "siku ya nne mtindi ulipokataa, nilitambaa mpaka kabatini nikaila. Nilijua ndiyo ya mwisho. Muhuri wako niliutema."

Hakuna aliyemkaripia. Ungeanzia wapi kumkaripia mtu mwenye njaa ya kitu alichokila tangu utotoni kwa mkono wa mamaye? Mama Muhuri alifunga mkoba, akaacha cheti mezani, akaaga. Njia nzima magoti yalimuuma, na alishukuru, maana yalimpa kitu kingine cha kufikiria.

Siku tatu baadaye majibu ya maabara yalifika, yamechelewa kama kawaida. Aliyasoma amesimama. Mtindi wa nyumba ya thelathini na nane: hauna kasoro yoyote. Ni salama. Aliyasoma tena, kana kwamba mara ya pili yangekuwa na huruma zaidi. Ule mtindi ulikuwa salama tangu mwanzo, ndani ya chungu cheusi, pamoja na mabaki yake.

Na chupa ya tatu ilikuwa kwenye friji ya ofisi, nyuma ya chakula cha mchana cha mhasibu, ina siku ishirini na nne.

Kwanza alifanya kama inavyotakiwa: alikwenda kwa mkuu wa kitengo na kuomba. Alimwekea majibu ya maabara mezani akamweleza yote, hata sehemu yake mwenyewe ya kosa. Kijana yule si mtu mbaya, tusimsingizie. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuna kichwa. Alifungua kitabu cha kanuni akatafuta kweli, kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Halafu akasema sampuli ya tatu haina mlango wa kutokea. Inaingia, inakaa siku sitini, inaharibiwa.

"Baada ya siku sitini itakuwa imekufa, mkuu. Hata sasa sijui kama ina uhai. Umeme unakatika, unajua."

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kweli, "nikiruhusu moja watakuja wote. Umebakiza miezi mitatu. Faili lako ni jeupe. Mkataba wa mafunzo mimi mwenyewe nimeupendekeza. Tafadhali usinitie matatani, na usijitie wewe."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililochosha. Laiti angekuwa mjeuri, Mama Muhuri angekasirika na hasira ingembeba. Alirudi kwenye meza yake akakaa mpaka saa ya kutoka. Alimfikiria yule mtoto wa mazikoni. Miaka yote alikuwa amejiambia kwamba kosa lake siku ile lilikuwa huruma, kwa hiyo dawa yake ni kufuata maandishi. Sasa alijiuliza kama kosa halikuwa kwamba hakutazama. Siku ile hakuitazama sufuria, na safari hii hakukitazama chungu. Akili yake ilikuwa imechoka, na wazo hilo halikumpa nafuu yoyote.

Kesho yake saa nne asubuhi, mbele ya mhasibu, karani na mtu aliyekuja kutengeneza mlango, Mama Muhuri alifungua friji, akasogeza chakula cha watu, akatoa chupa. Hakuificha. Alifungua kitabu cha sampuli, na kwenye safu ya maelezo akaandika kwa hati ya kusomeka: "Chupa ya tatu imetolewa na mkaguzi na kurudishwa kwa mwenyewe. Sababu: ni mbegu yake." Akatia saini na saa. Karani alimtazama kwa macho yaliyomtoka, akamnong'oneza kwamba anaweza kusema imevunjika, chupa huvunjika. Mama Muhuri akamwambia haikuvunjika.

Aliifunga kwa kitambaa chenye maji baridi akaenda nayo kwa miguu.

Mzee hakuwa mlangoni. Amelala, siku hizi alilala sana. Mama wa mtindi alikuwa ndani ya chumba cheupe akipangusa vyombo ambavyo havikuwa na vumbi. Mama Muhuri alimnyoshea chupa kizingitini. Mwanamke aliitazama, mkono ukanyanyuka kidogo, kisha akaurudisha nyuma. Akaonesha ukutani kwa kidevu.

"Samahani, mama. Agizo la saba. Sijui hicho kilikotoka."

Hakuwa akimkejeli. Alikuwa anaogopa kweli. Alishapoteza ndama, wateja, na furaha ya mume wake kwa kufuata ile karatasi, na sasa kilichobaki ni cheti, hakutaka kukipoteza nacho. Mama Muhuri alibaki na chupa mkononi, maneno yake mwenyewe yamemfungia mlango. Angeweza kuamuru. Angeweza kusema mimi ndiye niliyeandika. Badala yake aliigeuza chupa, karatasi ikatazama upande wa mwanamke.

"Soma," akasema.

Mama wa mtindi alisogea. Alisoma kwa sauti ndogo, akifuatisha kwa kidole bila kugusa: jina lake. Nyumba yake. Tarehe. Saa. Joto la maziwa yake. Saini yake ile ya kutetemeka. Alipofika kwenye saini akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya majibu ya maabara," Mama Muhuri akasema, akimpa na karatasi. "Ulikuwa salama siku zote. Mimi ndiye sikukusikiliza. Nisamehe, dada."

Mama wa mtindi alikwenda akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa kofia, akarudi na kofia nyingine akampa mkaguzi, na hakumruhusu kuvuka kizingiti mpaka nywele zote za mvi zimeingia ndani. Kisha Mama Muhuri akavunja muhuri wake mwenyewe. Lakiri ilipasuka vipande vidogo vyekundu juu ya sakafu nyeupe, naye akainama na magoti yake yale akaviokota kimoja kimoja. Walinusa. Ulikuwa mchachu, mkali, umejitenga maji kidogo, lakini ulikuwa wenyewe. Mwanamke aligawa: nusu leo, nusu akiba. Mikono yake ilijua kazi hata kama yeye mwenyewe alikuwa hajapata moyo.

Siku ya kwanza maziwa yaligoma. Yalikuwa mazito kidogo tu, kama mtu aliyeamka lakini hajatoka kitandani. Siku ya pili alitia kile kidogo kilichozaliwa kwenye maziwa mengine. Mama Muhuri hakuyaona hayo, kwa sababu alikuwa ofisini akipokea barua.

Barua ilikuwa fupi na ya heshima. Onyo la maandishi kwa kuondoa kielelezo bila idhini. Nakala kwenye faili. Mkataba wa mafunzo umepewa mtu mwingine, kutoka nje. Mkuu wa kitengo alimkabidhi mkononi badala ya kuituma kupitia karani, na alishindwa kumtazama. Mama Muhuri akamshukuru. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba, kati ya kipimajoto na lakiri, akaenda nyumba ya thelathini na tisa kukagua jemu.

Wiki ilipokwisha alipita mwisho wa barabara ya vumbi. Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake na njegere zake. Alipomwona aligonga bakuli kwa kijiko mara tatu kama anayeita watu kula, akamwambia shemeji aingie upesi kabla hajamaliza chombo kizima.

Ulikuwa umeganda. Mama wa mtindi aliinua kifuniko cha chuma, akatikisa, na mtindi ukatikisika wote kwa pamoja. Makopo matatu ya wateja waliorudi yalikuwa juu ya ubao yakisubiri kujazwa. Lakini kabla ya lingine lolote alimshika mkaguzi mkono na kumpeleka ukutani.

"Andika hapa," akasema. "Mimi nilikatazwa bila kuambiwa sababu. Wewe uliandika bila kuuliza. Akija mkaguzi mwingine baada yako, atanioshea tena. Andika, na sababu yake."

Mama Muhuri alinyanyua nailoni. Chini ya agizo la kumi palikuwa na nafasi ndogo, naye akaandika kwa herufi za kubanana: "Kabla ya kuosha vyombo, weka pembeni kikombe safi cha mtindi wa leo, kwa sababu huo ndio unaogandisha wa kesho." Hakuwa na mamlaka ya kuongeza agizo. Aliwasha kiberiti, akadondosha lakiri, akagonga muhuri. Bado ulikuwa wake kwa muda mfupi.

Mama wa mtindi akaweka bakuli mezani, na kijiko. Hakusema karibu, maana alijua, kama mji mzima ulivyojua, kwamba Mama Muhuri hali kwa watu. Aliweka tu, akageuka kujaza makopo.

Mama Muhuri aliweka mkoba chini. Alivuta stuli. Alichota kijiko kimoja akakitia mdomoni.

Ulikuwa mkali. Salale, ulikuwa mkali mno, ulimkunja uso mpaka masikioni, na kusema kweli haukumpendeza hata kidogo. Miaka yote hii alikuwa amedhani kitu ambacho watu wanakililia hivi lazima kiwe kitamu. Mzee alimchungulia kutoka mlangoni, akisubiri. Mama Muhuri akachota tena. Alikula mpaka akalikwangua bakuli, halafu akabaki ameketi pale, kofia ya kazi kichwani, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine alipotakiwa kuwa.